Vita vya Sufuria

Maturubai ya malori yalipofunuliwa, Kapteni alitarajia kuona mizinga. Akaona sufuria.

"Afande," alimwambia Kanali, "nadhani makao makuu wamekosea mzigo."

"Hawajakosea. Niliziagiza mimi. Zipangeni pale mlimani, upepo unakotokea."

Kapteni alipiga saluti, lakini moyoni alisononeka. Alikuwa mgeni kikosini, na alikuja kupigana. Ng'ambo ya daraja waasi walikuwa wameuteka mji pamoja na mgodi wake wa dhahabu. Kwa dhahabu hiyo walinunua bunduki mpya kuliko za serikali. Kanali aliyetangulia aliwavamia kwa vifaru. Vikakwama vichochoroni, vikateketezwa kwa chupa za petroli kutoka madirishani.

Kanali huyu hakufyatua hata risasi moja. Alifunga barabara zote, akaacha daraja tu, akatangaza kwa spika kwamba anayetaka kutoka bila silaha apite, atalishwa na hataulizwa neno. Kisha wapishi wakaanza kukaanga vitunguu.

"Wana dhahabu, afande," Kapteni alinung'unika. "Watanunua hata ndege."

"Wanunue. Barabara ninazo mimi. Na dhahabu hailiki, hata uitie chumvi."

Walitoka kwanza kina mama na watoto. Wakafuata wenye maduka. Halafu, mchana mmoja, wakaja wapiganaji kadhaa mikono juu, mmoja akiuliza kwa aibu kama maharage yameiva. Kapteni alicheka bila kupenda.

Lakini makao makuu wakachoka kusubiri. Walipiga simu: kama mji haujasalimu amri kufikia kesho, mizinga italetwa, na huo mji utasawazishwa na ardhi.

Kanali alirudisha simu polepole, akakaa juu ya kasha la risasi. Akafunika uso kwa viganja. Kapteni alimwona, akajisemea: kumbe mwoga.

"Tupige tu, afande. Kamanda wao hatakubali. Wanasema ana kichwa kigumu kama jiwe."

"Jiwe lina nafuu," Kanali alisema. "Nimemsoma miaka mingi yule. Ukimfokea, naye anafoka. Ukimpiga, atafia palepale aliposimama. Lakini mwache ashinde na njaa, kisha umsemeshe kwa upole. Hapo ndipo masikio humfunguka."

Alasiri hiyo Kanali alichukua spika mwenyewe. Kapteni alingoja vitisho. Hakusikia hata kimoja.

"Leo kuna supu ya nyama," Kanali alitangaza, na sauti ikavuma mpaka ng'ambo. "Mkate umeiva sasa hivi, bado wa moto. Njooni mle, jamani. Yaliyopita si ndwele..." Kanali akakohoa, akamalizia: "Tugange yajayo."

Hakuna aliyetoka. Wapishi waliacha kukoroga. Ukapita muda mrefu, hata Kapteni akaanza kufikiria mahali pa kuweka mizinga.

Ndipo shati jeupe likachomoza mwisho wa daraja, limefungwa kwenye mpini wa ufagio. Nyuma yake alikuja mwanamume kijana, ndevu timtim, amekonda, begani ana nyota za naibu kamanda. Walinzi walimlenga. Kanali alipita katikati yao akiishusha mitutu kwa kiganja, akatembea mpaka katikati ya daraja. Kapteni alimfuata mbiombio, mkono kwenye bastola.

Yule mwasi alisimama. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Kanali akajibu. "Kamanda wako yuko wapi?"

"Baba yuko ndani. Amenituma nije kwanza niangalie kama hasira zako zimepoa."