Printa Iliyokataa Kupona

Karatasi iliingia nusu, ikajikunja shingo, ikakwama. Taa nyekundu ikawaka. Kuramochi Setsuo alivuta pumzi, akafungua kifuniko cha printa kama alivyokifungua jana na juzi.

"Imegoma tena?" Udagawa aliuliza kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Imegoma."

"Pole, bwana. Hiyo mashine ina roho ya mama mkwe wangu. Ukimpendeza leo, kesho ananuna upya."

Kuramochi hakucheka. Chumba kilikuwa chini ya ardhi, bila dirisha, na kicheko humo hakikuwa na pa kwenda.

Kampuni ile ya pampu za maji haikumfukuza mtu. Asiyetakiwa tena alihamishwa, akapewa kazi isiyo na maana, akaachwa nayo mpaka aombe mwenyewe kuondoka. Kuramochi, mchoraji wa pampu tangu ujana wake, alipewa printa kuukuu ya leza ambayo hakuna aliyeihitaji. Siku itakapochapa kitabu kizima cha maelekezo bila kukwama, mkurugenzi alimwambia, achukue kurasa apande nazo juu; meza yake ya kuchorea itakuwa inamsubiri. Mkurugenzi hakuwa mwema, lakini alitimiza neno lake. Kwa sababu hiyo tu Kuramochi alikuwa bado hajaomba kuacha kazi.

Udagawa ndiye aliyewekwa kumsimamia. Waliajiriwa mwaka mmoja, wakalewa pamoja kwenye karamu ya kuwapokea wafanyakazi wapya, wakabebana hadi kituo cha treni. Sasa mmoja alichezea bisibisi na mwenzake akamtazama.

Kuramochi alianza na karatasi. Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimeshika, na karatasi zilinyonya unyevu zikagandana kama wali uliolala. Alizipepea, akazifungia kwenye kopo la biskuti za mchele pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Printa ikaacha kumeza mbilimbili. Asubuhi iliyofuata ikawa inavuta upande. Akakuta kizuizi cha ndani ya droo kimesogea, akakinyoosha. Kesho yake haikuvuta kabisa. Gurudumu la mpira lilikuwa limekakamaa kwa uzee, likiteleza juu ya karatasi. Akalisugua taratibu kwa msasa laini mpaka likashika tena.

Kila alipotibu ugonjwa mmoja, asubuhi alikuta mwingine.

Kila asubuhi, kupitia dari, waliusikia muziki wa mazoezi ya viungo, na miguu ya wenzao ikirukaruka. Kuramochi alipofika, Udagawa alikuwa tayari ameshakaa kwenye kiti chake. Anawahi ili nisipate hata dakika ya kupumua, Kuramochi alifikiri. Hata chakula alikula humo humo, kisanduku kikiwa juu ya magoti, na simu yake ya mezani haikulia.

"Hujachoka, Kuramochi-san?"

"Bado."

"Hufikirii kuacha?"

"Ungependa niache?"

Udagawa alitabasamu, macho kwenye chai yake. "Mimi ni nani hapa, hata nipende au nisipende? Nauliza tu. Kesho utakuja, siyo?"

"Nitakuja."

"Vizuri. Vizuri sana."

Kuramochi aliisikia kejeli hiyo ikimfuata hadi kwenye treni. Nyumbani mkewe alimuuliza kama michoro inaendelea vizuri. Akasema inaendelea.

Siku moja, Udagawa alipotoka kwenda kwenye mashine ya vinywaji, Kuramochi alilichomoa tena lile gurudumu. Mpira uling'aa. Mpira uliopigwa msasa haung'ai. Alilisogeza karibu na taa, akapitisha ukucha, na ukucha ukanasa kwenye ncha ya utepe wa gundi, mwembamba, usio na rangi, uliozungushwa kwa uangalifu mkubwa.

Aliwaza kwamba huenda utepe ulikuwapo zamani. Haukuwapo. Alikuwa amelishika gurudumu lile kwa mikono yake mwenyewe. Na wenye ufunguo wa chumba walikuwa wawili tu.

Aliubandua utepe, akarudisha gurudumu, akabonyeza kitufe.

Karatasi ya kwanza ilitoka imenyooka. Ya pili ikafuata, ya tatu, kisha printa ikaanza kuimba kama kitu kipya. Kuramochi alisimama juu yake mpaka kitabu kizima kikalala kwenye trei, bado kina joto. Alikibeba kifuani, akageuka kuelekea mlangoni.

Udagawa alikuwa amesimama hapo na makopo mawili ya kahawa.

"Imepona," alisema polepole.

"Haikuwa mgonjwa." Kuramochi alimwonyesha utepe, umejikunja kwenye kidole chake. "Umenishikilia humu tangu majira ya machipuko. Kila siku unaniuliza kama nimechoka. Ulitaka niombe kuondoka?"

"La! Hilo hata usiliseme." Udagawa aliyaweka makopo mezani, lake na la mwenzake. Alionekana mzee ghafla. "Niliomba kila asubuhi usichoke."

"Basi nipishe. Mimi nirudi kwenye meza yangu, na wewe urudi kwenye yako."

Udagawa hakupisha.

"Sina meza huko juu," alisema. "Mkurugenzi aliniita siku ileile aliyokuita wewe. Kazi pekee aliyonibakizia, Kuramochi-san, ni wewe."