Aliye Nje Hakuoni

Mkandarasi alivuta masikio yake kwa mikono miwili, akakodoa macho, kisha akamtolea mteja wake ulimi.

Mteja, mama mjane aliyekuwa akijengewa nyumba ya vyumba vinne, alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa ndani ya kibanda cha ofisi. Mkandarasi alikuwa nje, mbele ya dirisha, haoni kitu ila sura yake mwenyewe ikimtolea ulimi.

"Kwa hiyo hanioni kabisa?"

"Hakuoni, mama," alisema binti wa karatasi za kubandika vioo, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama kosa. "Mchana, aliye nje hujiona mwenyewe. Ila nikwambie ukweli, karatasi hii inafuata mwanga. Kwako kukiwa na taa na nje kuna giza, mambo yanageuka. Hapo shusha pazia."

Mjane akaagiza madirisha yote, na la choo pia.

Hivyo ndivyo walivyouza. Mafundi walimwita mkandarasi Timazi, kwa vile alivyonyooka kama uzi wa kupimia ukuta. Yeye aliwaleta wateja na kufanya vituko. Binti alieleza na kubandika. Zamani binti alizunguka peke yake na mabunda begani, akigonga mageti na kusema maneno matatu, la nne likimkwama kooni. Timazi alimkuta kwenye geti moja la namna hiyo. Msingi wa nyumba ya mjane ulipoanza kuchimbwa, akamweka kwenye kibanda hiki na kumwambia asihangaike kuuza. Kioo kitajiuza, yeye aseme tu ukweli wa kioo. Akampa na jina: Kimya.

Kulikuwa na jambo moja lisilo la biashara. Kila asubuhi Timazi alipita dirishani kuchana nywele, na Kimya, ndani, akikata karatasi, alimtazama apendavyo. Ana kwa ana asingeweza kumtazama hata kwa muda wa kupiga chafya. Nyuma ya kioo alikuwa simba. Alimwiga anavyochana. Alimnyooshea kola hewani. Siku nyingine alimtolea ulimi, kulipiza kwa niaba ya wateja.

Kisha mvua zikaanza. Mawingu yakalala juu ya mapaa kama kifuniko cha sufuria. Jumanne asubuhi Kimya hakuona hata mistari ya rula, akawasha taa kubwa ya mafundi, akaendelea na kazi yake.

Timazi akaja. Siku hiyo hakuchana nywele. Alisimama, akaduwaa kidogo, akajikohoza, akaanza kuongea na kioo. Kidirisha cha juu kilikuwa wazi, kila neno likaingia.

"Miezi minane nakuja hapa kila siku," alisema. "Nyumba za watu nimejenga nyingi. Sasa nataka kujenga yangu, na sitaki kuingia peke yangu."

Kisu cha Kimya kikateleza, kikachana karatasi nzima.

Anajizoeza maneno ya kumposa mjane, Kimya aliwaza. Miezi minane ndiyo umri wa nyumba ya mama huyo. Mafundi walikwisha kusema, wakichanganya zege, kwamba bosi anajenga kitanda atakacholalia mwenyewe. Na mjane, wiki ile ile, alikuwa amemuuliza Kimya kama Timazi ana mke. Kimya alijibu kwamba yeye anajua habari za vioo tu.

Jumatano, mawingu yakiwa yale yale na taa ikiwaka, Timazi alirudi na shati lililopigwa pasi. Alifika katikati ya maneno yake, akasahau. Kimya, kwa uchungu na kwa utundu, akajifanya mjane: akaweka mkono shavuni, akapepesa kope, akajifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vioo. Huko nje Timazi aliinama ghafla, mabega yakitikisika.

Anajicheka, Kimya alijiambia. Angalau anajua kwamba anachekesha.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu. Mjane alikuwa anakuja saa nne kuchukua funguo, pamoja na dada yake ambaye naye alitaka kujenga. Kimya alikwisha kufunga mabunda yake, mawili kwa kamba moja, kama alivyoyabeba zamani. Mkandarasi mwenye mke mwenye maneno hahitaji msichana wa kueleza vioo.

Timazi alikuja mapema. Hakuwa na mwavuli. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa dirisha.

"Nataka kujua kabla hawajafika," alisema. "Mimi nimekwisha sema yangu. Unakubali?"

Kimya aliweka kisu chini. Safari hii hakuigiza. Baada ya saa nne mtu huyu atakuwa wa mwingine, na hapa hakuna anayemwona. Basi na aseme mara moja maishani mwake, hata kama anayesikia ni kioo. Akaweka kiganja kifuani. Akaitikia kwa kichwa mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu polepole, kidevu kikagusa kifua.

Timazi alifumba macho, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mfuko wa saruji.

Honi ya gari la mjane ikalia getini. Timazi akainua kidole, akagonga kioo taratibu, pale pale ilipokuwa pua ya Kimya.

"Nimeona, Kimya," alisema. "Sasa zima taa, wateja wamefika."