Kipindi cha Posa

Hata kabla Hemedy hajatokea kwenye luninga, Gharibu alishatema mate mara mbili nje ya baraza.

"Mwache, ndugu yangu," alisema Haidari, mwenyekiti wa kijiji, akimsogezea kahawa. "Mtu mwenyewe keshazeeka."

Luninga ilikuwa ya Haidari. Umeme ulipofika upande huu wa delta, nguzo ziliishia nyumbani kwa mwenyekiti, kama kila jema lingine.

Kipindi cha kuchekesha kilichompa Hemedy jina kilirekodiwa hapohapo kijijini, miaka ishirini na mbili iliyopita. Hemedy aliigiza bwana wa mjini aliyekuja kuposa akadumbukia matopeni. Safina, mke wa Gharibu, alichaguliwa kuwa mposwa. Mwishoni anainua uso kutoka kwenye ungo wa mchele, anatabasamu. Nchi nzima ililipenda tabasamu lile. Gharibu alilichukia. Katika ndoa yao yote yeye hakuwahi kutabasamiwa hivyo.

Lawama alimtupia mwenyekiti pia. Nani aliyewakaribisha wale waigizaji? Na walipomaliza na Hemedy, nani aliyemtuma Gharibu amvushe kwa mtumbwi, ati ana mkono mzuri wa pondo? Wakubwa humkumbuka mnyonge penye jasho tu. Njia nzima alitamani kumtosa yule mtu.

Mwaka jana Safina akiwa mgonjwa, Gharibu alimuuliza kwa mara ya mwisho kuhusu Hemedy. Safina akacheka kidogo. "Mume wangu, yule bwana hata jina lake la kweli silijui."

Gharibu hakumwamini. Akamzika hivyohivyo, hajamwamini.

Leo Hemedy alikuwa anahojiwa kuhusu mambo ya nyuma ya kamera. Mtangazaji akamchokoza: yule mama wa ungo, mlikuwa na lenu?

Gharibu aliweka kikombe chini.

"Wapi, dada!" Hemedy alicheka. "Lile tabasamu mimi sikuliona. Nilishaondoka. Maji yalikuwa yanakupwa, ningechelewa mtumbwi ungekwama. Mumewe mwenyewe ndiye aliyenivusha."

"Sasa alikuwa anamtabasamia nani?"

"Wenzangu walinisimulia. Kila mtu waliyemkalisha mbele yake badala yangu, uso wa yule mama ulibaki mkavu. Mwisho mama akasema, kama mnataka nitabasamu, niitieni fulani. Wakamwita, mtu wa palepale kijijini. Alipokaa tu, kazi ikaisha."

Gharibu alishusha pumzi iliyomkaa kifuani miaka ishirini na mbili. Kumbe si Hemedy. Kumbe marehemu alisema kweli. Pale studio walianza kuirusha ile picha, na yeye akageuka amuulize Haidari, msimamizi wa shughuli nzima siku ile, ni nani aliyeitwa.

Haidari hakumsikia. Kwenye luninga Safina alikuwa ameinua uso, na mwenyekiti, machozi yakimtiririka mashavuni, alikuwa anamtabasamia.