Mguu wa Sita wa Vunjajungu

Abduba alimwacha vunjajungu na miguu mitano. Aliporudi kutoka mtoni na maji ya kuchorea, mdudu alikuwa na sita.

Akaisogeza karatasi mlangoni penye mwanga. Mguu mpya ulikaa mahali pake barabara, umekunjwa goti kama ile mingine, mweusi, mwembamba kuliko brashi yake ilivyoweza kuchora. Aliugusa kwa kidole. Ulikuwa umeshakauka.

Si kwamba hakujua vunjajungu ana miguu mingapi. Kumpunguza mguu ilikuwa sheria, tena sheria aliyojitungia mwenyewe. Bwana wa nzige, Mzungu aliyepiga kambi Garsen mwaka ule nzige walipotua, alikuwa amempa kibati cha rangi za maji na karatasi nzito, amchoree wadudu wa huku, kuanzia Minjila hadi Ozi. Zikimpendeza, angemwandika kazi ya kudumu. Ukame ulikuwa umefagia ng'ombe wa marehemu baba yake, wakabaki ndama wa kuhurumiwa tu. Abduba aliitaka kazi ile mpaka ikamkosesha usingizi.

Kikwazo kilikuwa mama yake. Darmi alikuwa mcha Mungu wa kweli, na maneno ya mwalimu wa chuo cha Kurani yalikuwa yamemwingia: anayechora chochote chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akitie hiyo roho, naye hataweza. Alimwambia mwanawe wazi kwamba akichora kiumbe kamili, radhi zake asizitafute.

Ndipo Abduba akakaa na kuweka sheria. Hakuna mdudu kamili, kila mmoja apungukiwe na kitu, ili asihesabike kiumbe. Maji ni ya mto Tana tu, pamoja na tope lake. Na picha ikishakauka hairudiwi, hata kwa nukta. Ajabu ni kwamba mkono ulivyozidi kubanwa ndivyo ulivyozidi kuchora vizuri. Bwana wa nzige alizitazama zile za mwanzo, akacheka, akasema hata nzige wake wengi ni vilema.

Darmi hakucheka. Akipita karibu na picha aligeuza uso. Lakini kila jioni, awe anamfunga vijiti ndama aliyevunjika mguu, awe anatia nakshi kibuyu cha maziwa kwa mwiba na masizi, aliuliza swali lile lile.

"Wa leo umempunguza nini?"

Abduba alimwambia. Mama akaguna, akaendelea na kazi yake. Swali lile lilimpa kijana faraja, maana kumbe kuna mtu anamchunga asiteleze.

Na sasa kuna mtu anamharibia. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Hudson, mpishi wa Bwana wa nzige, Mpokomo wa Kulesa aliyepita pale kila siku kuchukua maziwa ya chai. Abduba alimfuata mpaka jikoni kambini, akamuuliza bila salamu kwa nini anachezea picha za watu. Hudson alimtazama, akamwambia mkono wake haujui kushika kitu ila mwiko, kisha akamuuliza kwa upole kama amekula. Abduba akarudi nyumbani amejaa aibu.

Akakaza sheria. Panzi akamwondoa miguu miwili, akamficha chini ya ngozi ya kulalia. Panzi akapata miguu yote miwili. Dundu akamnyima macho. Kesho yake dundu alikuwa na macho, meusi, yanamtazama yeye.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatoka, akitoka anarudi kuchungulia chini ya ngozi. Chakula kilimshinda. Alianza kufikiri kwamba pengine wadudu wenyewe wanajimalizia, kwamba ile roho atakayodaiwa imeanza kujitafutia miguu. Au labda ni mkono wake mwenyewe, anachora usingizini. Vyovyote iwavyo, mama akigundua kuna mdudu aliyekamilika humu ndani, basi, radhi zimekwenda, na mtu asiye na radhi za mama kazi ya Mzungu itamfaa nini?

Siku Bwana wa nzige aliyotaka kuvuka na kivuko, naye angemtuma mtu kuchukua picha zote, Abduba alikata shauri. Alizikunja zote, akaziweka kwapani, akashuka mtoni kuzitupa pamoja na kazi yenyewe. Machozi yalimtoka njiani na hakuyafuta.

Alikuwa ameshafika ukingoni alipokumbuka. Nzige wa asubuhi ile, aliyemnyima mguu mmoja wa kurukia, alikuwa amemwacha karibu na moto akauke. Akiota mguu wake, mama ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwona. Abduba aligeuka akakimbia, picha kwapani, mpaka pumzi zikamwishia.

Darmi alikuwa amekaa mlangoni. Karatasi ilikuwa juu ya goti lake, na mkononi ameshika mwiba wenye masizi. Mguu wa kurukia ulikuwa umebaki kuchorwa ncha tu.

"Utakapoambiwa uwatie roho," alisema, bila kuinua macho, "sitaki hata mmoja afike mbele ya Mungu akichechemea."