Mdhamini wa Majini

Sheria ilikuwa wazi: fundi umeme wa mabwawa ya kuogelea hapewi leseni mpaka aandikishe mtu wa nyumbani kwake, wa kusimama majini kila anapowasha pampu aliyoitengeneza. Kwa miaka tisa Kitwana alimsimamisha mama yake. Mwaka huu leseni ilirudi na jina la mkewe, Nyamizi.

"Mama miguu inamsumbua," alisema Kitwana.

Jumapili iliyopita Nyamizi alimwona mama mkwe kwa macho yake, kwenye harusi ya jirani, akikata kiuno mpaka kanga ikafunguka.

Sasa alikuwa ndani ya bwawa la hoteli, maji yakimfika kifuani, na mkaguzi wa serikali akingoja ukingoni na muhuri wake. Kitwana aligusisha kipima umeme kwenye pampu, akakisoma, akakitia mfukoni.

Miaka yote hiyo Nyamizi alikuwa akikaa kwenye viti vya pembeni, akimshikia mama mkwe taulo. Kwa mama yake, Kitwana alikuwa akipima mara tatu.

"Baba Shani, pima tena."

"Nimeshapima."

"Pima kama unavyompimia mama."

Mkaguzi aliinua macho. Mdhamini akitoka majini kabla pampu haijawaka, leseni inafutwa na nyumba nzima inalala njaa. Nyamizi hakusogea.

Kitwana akamtabasamia, tabasamu ambalo hakuwa ameliona nyumbani tangu Ramadhani. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.