Jiko Linasubiri Shangazi

Kwetu jiko la karamu haliwaki mpaka wakubwa wote wa ukoo wabonyeze "Nimeridhia" kwenye mfumo wa simu unaopitisha mambo yote ya ukoo. Siku ya posa yangu wageni walishaketi, mchele umeoshwa, jiko baridi.

Kukwamua mifumo ya namna hiyo ndiyo kazi yangu ofisini, basi nikavua bangili nikaufungua. Ombi la kuwasha jiko lilikuwa limekwama kwa shangazi zangu pacha, walioketi mkeka mmoja.

"Shangazi Minza, mbona hujabonyeza?"

"Nimtangulie Ngollo? Yeye ndiye mkubwa."

"Mkubwa ni wewe," Shangazi Ngollo akamjibu. "Mimi nilitangulia kuzaliwa kwa sababu ulinituma nikakuangalizie njia."

Sebule nzima ikacheka. Nikauwekea mfumo kanuni mpya: mtu akichelewa kwa heshima, uridhie kwa niaba yake. Jiko likawaka, tukala pilau mpaka ukoko.

Nilikuwa nanawa mikono simu ilipolia. Mfumo ulinipongeza: jina la mtoto wa kwanza nitakayemzaa limepita. Hakuna aliyekuwa ameliomba. Chini yake yaliorodheshwa majina ya walioridhia, na la kwanza lilikuwa langu, kando yake: "Amechelewa kwa heshima."

Jina lenyewe lilikuwa zuri, kwa kweli.