Usaili wa Chupa Tatu

Tyubu ya tatu nayo ikawa nyeupe. Candida akaikodolea macho kwa hasira, kana kwamba imemtukana.

Kazi yenyewe hata mtoto wa kidato cha sita angeiweza. Chupa tatu zisizo na lebo: moja ina klorini, moja bromini, moja iodini, kila mmoja kaing'ang'ania kaboni yake kama mpangaji. Unachemsha na kostiki soda; hidroksidi inaingia, mpangaji wa zamani anafukuzwa. Unatia asidi, kisha nitrati ya fedha, na rangi inamtaja aliyefukuzwa. Nyeupe ni klorini, krimu ni bromini, njano ni iodini.

Sasa nyeupe tatu zimetoka wapi?

Upande wa pili wa meza, Mzee Abdulmalik, mwenye kituo hiki cha tuisheni juu ya maduka ya mtaa wa Mchafukoge, alikuwa anakunywa chai taratibu. Candida naye alipewa kikombe. Ilikuwa na chumvichumvi, akaisifu.

"Umeona nini, mwalimu?"

Huu ulikuwa usaili wake wa kumi na moja tangu amalize chuo. Akiukosa, kesho ni basi la kurudi kwao Moshi, na baba yake alikwisha sema kemia haipiki ndizi za machalari. Candida aliogopa, tena sana.

"Ya kwanza nyeupe, klorini," akasema. "Hii krimu, bromini. Na hii..." Akaiinua dirishani. "Njano. Iodini."

"Njano?"

"Kama kiini cha yai la kienyeji, mzee."

Mzee Abdulmalik akavaa miwani. Akazitazama tyubu zote tatu, nyeupe pepepe, kisha akamtazama Candida. Aibu ikamkaba binti wa watu. Kumdanganya mtu mwenye macho yake mawili!

"Binti yangu, chupa hizo nimezijaza mwenyewe asubuhi. Zote maji ya kisima cha hapo chini. Chumvi tupu, ndiyo klorini hiyo."

Candida akachukua mkoba wake bila kuambiwa.

"Sasa unaenda wapi? Wenzako wanne wameona nyeupe tu, nimewarudisha makwao." Mzee akafungua kabati. Lilikuwa limejaa chupa mpaka juu, zote za maji yale yale. "Hapa iodini hatujawahi kununua hata tone. Jumatatu una wanafunzi sitini. Hakikisha na wao wanaiona hiyo njano."